Pointi za Ndege kwa Bosi, "Ya Kutolea" kwa Mama wa Kishapu

Limezuka swali jipya katika korido za vyuo vikuu na ofisi za Serikali, nalo huulizwa kwa uzito uleule ambao zamani watu waliulizia bei ya bati na saruji: kadi ipi ya mkopo ina manufaa zaidi kwa msafiri wa ndege? Ni ile yenye nembo ya shirika la Ghuba, au ile ya shirika la Kiafrika? Ni ile inayotoa maili nyingi kwa kila shilingi, au ile inayofungua mlango wa chumba cha mapumziko pale uwanjani? Nimeulizwa swali hilo na watu watatu ninaowaheshimu, na mmoja wao ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye leo ni afisa katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nitalijibu hapa, kwa kuwa linastahili jibu la hesabu. Nikishalijibu, nitauliza la kwangu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: nani anazilipia zawadi hizo, na pointi zinazotokana na tiketi iliyolipwa na umma ni mali ya nani?

Dai langu ni jepesi kulieleza, ingawa najua halitawafurahisha baadhi ya wasomaji wangu. Kwa mtumishi wa kawaida wa Shinyanga, Kahama au Geita, kadi hiyo ni hasara iliyopakwa rangi. Kwa bosi anayesafiri kila wiki kwa fedha za umma, kadi hiyo ni posho ya siri, isiyoandikwa katika hati ya malipo wala kujadiliwa katika kikao chochote cha bajeti. Na kwa wote wasiokuwa nayo, yaani karibu nchi nzima, ni mchango mdogo wanaoutoa bila kujua.

Tuanze na chanzo cha jambo lenyewe. Mwaka 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa AAdvantage: abiria aliyerudi mara kwa mara aliandikiwa maili, na maili zikitosha alipewa safari. Mwaka 1987 shirika hilo likaungana na Citibank kutoa kadi ya mkopo yenye nembo ya ndege, na hapo ndipo biashara ilipobadilika sura. Kuanzia siku hiyo mtu hakulazimika tena kupanda ndege ili apate maili. Ilitosha kununua sabuni, petroli au viatu kwa kadi. Shirika la ndege huiuzia benki maili kwa fedha taslimu. Benki humgawia mteja maili hizo kama zawadi, kisha hurudisha gharama yake kwa njia tatu: ada ya mwaka, riba ya deni lisilolipwa kwa wakati, na makato anayotozwa mwenye duka kila kadi inapopita katika mashine yake.

Biashara hiyo imenona kiasi kwamba leo ndege yenyewe inakaribia kuwa kisingizio. Wakati wa janga la UVIKO-19, ndege zilipokuwa zimelala chini na abiria hawapo, United iliweka rehani mpango wake wa maili na kukopa dola bilioni 6.8, Delta ikakopa dola bilioni 9 kwa rehani ya namna hiyohiyo, American ikafuata mwaka 2021 kwa dola bilioni 10. Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Wakopeshaji wa dunia walikubali kutoa fedha kwa dhamana ya pointi wakati ambapo ndege zenyewe hazikuwa na abiria. Mwaka 2024 Delta ilipokea zaidi ya dola bilioni 7 kutoka American Express, kampuni ya kadi inayoshirikiana nayo. Hakuna anayetoa fedha nyingi hivyo kwa ajili ya kumfurahisha abiria. Fedha hiyo inatoka mahali, na kazi ya mwanazuoni ni kuuliza inatoka wapi.

Huku kwetu mambo hayajafika huko, lakini njia imekwishafyekwa. Mashirika ya kigeni yanayotua Dar es Salaam yana mipango yake: Emirates ina Skywards, Ethiopian ina ShebaMiles, Kenya Airways ina Asante Rewards, Oman Air ina Sindbad. Kwa ndugu zetu Waswahili waliotulia Muscat na Dubai, kadi ya benki yenye nembo ya ndege ni jambo la kila siku kama kitambulisho cha ukaazi. Kwetu wengi bado tuna kadi ya kawaida ya kutolea mshahara kwenye ATM, na benki yetu halisi ni simu ya mkononi. Ndiyo maana mtu anayeletewa kadi ya mkopo yenye picha ya ndege huiona kwanza kama cheo, na hesabu yake huifikiria baadaye.

Nilimwona afisa mauzo wa benki moja, ambayo sitaitaja, akipita ofisini kwetu na vipeperushi vyenye picha ya ufuo na glasi ya juisi. Nilimwuliza riba kwa mwaka ni asilimia ngapi. Akanieleza habari za chumba cha mapumziko. Nikauliza pointi moja ina thamani ya shilingi ngapi. Akanieleza kwamba pointi hazina mwisho mzuri kama kwenda nazo Dubai na familia. Kijana yule simlaumu; analipwa kwa idadi ya fomu zilizojazwa. Nawalaumu waliomtuma aje kuuza deni bila kumpa bei ya deni hilo.

Basi tuifanye hesabu ambayo kipeperushi hakikuifanya. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano tu. Kila msomaji aweke za benki yake. Tuchukulie ada ya kadi ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Tuchukulie unapata pointi 1 kwa kila shilingi 2,500 unazotumia, na pointi hiyo, ukiigeuza kuwa tiketi, ina thamani ya shilingi 25. Mwalimu anayepitisha shilingi 1,000,000 kila mwezi katika kadi hiyo atakuwa ametumia shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Atapata pointi 4,800, ambazo ni sawa na shilingi 120,000. Ametoa 150,000 ili apate 120,000, tena kwa fedha isiyotumika sokoni wala dukani, bali katika ndege moja kwa tarehe atakayopangiwa. Na hapo tumemchukulia kuwa mtu mwadilifu ajabu, anayelipa deni lote kila mwezi bila kukosa. Akichelewa, na deni la shilingi 1,000,000 likabaki kwa riba ya mfano ya asilimia 3 kwa mwezi, miezi minne tu inatosha kumeza zawadi ya mwaka mzima.

Tena pointi si fedha. Shilingi yako hutunzwa na sheria na Benki Kuu. Pointi hutunzwa na mtu yuleyule aliyeichapisha, naye anaweza kuamka kesho akabadili bei ya kila kitu. Mwezi Septemba 2023 Delta ilibadili masharti ya mpango wake, wateja wakapiga kelele, na mkurugenzi wake mkuu, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba walikwenda mbali mno, kisha wakalegeza. Mwaka mmoja baadaye Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikayataka mashirika manne makubwa yaeleze jinsi yanavyozishusha thamani pointi za wateja. Ikiwa Mmarekani mwenye wizara yenye meno analalamika, mwalimu wa Maswa atalalamika kwa nani?

Kisha kuna jiografia, ambayo vipeperushi huisahau. Mtu wa Shinyanga anayetaka kupanda ndege huanza safari yake kwa basi. Uwanja wetu wa Ibadakuli umo katika mpango wa kuboreshwa pamoja na ule wa Tabora, Kigoma na Sumbawanga kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na wakati tukiusubiri tumezoea kwenda Mwanza, kiasi cha kilomita 160 kwa barabara. Mtu wa Geita naye, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, alilazimika kupanga foleni ya kivuko ndipo aufikie uwanja wa Mwanza, isipokuwa kama alikwenda Chato. Msafiri wa namna hiyo husubiri kwa saa nyingi, lakini husubiri stendi. Hakuna kadi inayofungua chumba cha mapumziko cha stendi, na hakuna maili zinazoandikwa kwa kusimama katika basi kutoka Tinde.

Sitaki kuonewa kwamba nakataa kila kitu. Yupo mtu anayefaa kuwa na kadi hii. Mfanyabiashara wa Kahama anayekwenda Dubai au Guangzhou mara sita kwa mwaka, kwa fedha yake mwenyewe, anayelipa deni lote kabla ya tarehe na anayehitaji bima ya safari na uzito wa ziada wa mizigo, achukue kadi yake na Mungu ambariki. Kwake kilo za ziada ni mtaji, na bima ya safari ni kinga ya kweli. Achague ile yenye ndege inayokwenda anakokwenda yeye, asiangalie rangi ya plastiki. Mtu wa aina hiyo, hata hivyo, si mwalimu, si muuguzi, si afisa kilimo wa kata. Mtumishi anayepanda ndege mara moja kwa mwaka kwenda harusini Dar es Salaam atanufaika zaidi kwa kununua tiketi mapema, au kwa kusubiri treni ya SGR ifike Isaka na Mwanza kama ilivyokwishafika Dodoma mwaka 2024.

Hilo ndilo jibu la swali nililoulizwa. Sasa naja kwa lile la kwangu.

Mwaka 2010 wachumi watatu wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani, Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins, walitoa utafiti ambao kila mwanafunzi wa sera za umma angepaswa kuusoma. Walionyesha kwamba, kwa kuwa mwenye duka hutoza bei moja kwa wote, makato ya kadi huingizwa katika bei ya bidhaa, na mlipaji wa fedha taslimu hujikuta akichangia zawadi ya mwenye kadi. Kwa makisio yao, kaya inayolipa taslimu ilikuwa ikitoa dola 149 kwa mwaka, na kaya yenye kadi ilikuwa ikipokea dola 1,133. Kwa kuwa wenye kadi ni matajiri zaidi, fedha ilikuwa ikipanda mlima: kutoka kwa asiyenacho kwenda kwa anacho. Nchi za Umoja wa Ulaya zililiona tatizo hilo, na mwaka 2015 zikaweka kikomo cha ada ambayo benki hutozana kwa malipo ya kadi: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida. Makato yalipopungua, na zawadi zilinywea.

Mtaniambia kwamba maduka ya Shinyanga yenye mashine ya kadi yanahesabika kwa vidole, kwa hiyo hoja ya Boston haituhusu. Ni kweli kwamba kiasi ni kidogo. Lakini tazameni upande wa pili wa mizani, ambako wengi wetu ndiko tuliko. Kijana anayechimba dhahabu Nyarugusu akimtumia mama yake wa Kishapu shilingi 20,000, mama hurudisha ujumbe tunaoufahamu sote: "Umeweka na ya kutolea?" Msamiati huo haukuwako kabla ya fedha za simu kuingia nchini mwaka 2008. Ni Kiswahili kilichozaliwa na makato. Mama huyu ni mteja mwaminifu kuliko abiria yeyote wa daraja la biashara. Miaka nenda rudi hajawahi kuhama mtandao. Uaminifu wake haujamletea hata kikombe cha chai. Mwezi Julai 2021 Serikali ilimwongezea tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na ilihitaji kelele za nchi nzima ndipo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba na kuendelea kupunguzwa baadaye.

Nasema haya kwa sababu watetezi wa kadi husema kwamba zawadi ni tuzo ya uaminifu. Kama ingekuwa hivyo, mama wa Kishapu angekuwa wa kwanza kuipata. Wala haikosekani njia ya kumpa. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianza kuwagawia watumiaji wa Tigo Pesa sehemu ya faida iliyotokana na fedha zao zilizowekwa benki. Jambo hilo lilifanyika hapahapa Tanzania, kwa watu wenye salio la shilingi elfu chache. Inawezekana, ila halifanywi kwa hiari mpaka mtu adai. Zawadi humfuata mwenye uwezo wa kuondoka, na maskini hana pa kwenda.

Sasa tufike ofisini.

Viti vingi vya ndege za ndani katika nchi hii, hasa asubuhi za Jumatatu na jioni za Ijumaa, vimekaliwa na watu wanaolipiwa: watumishi, wakurugenzi, wabunge, wahadhiri, washauri wa miradi. Yeyote aliyewahi kupanda ndege kati ya Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam amewaona. Tiketi imelipwa na kasma ya safari. Malazi yamelipwa kwa posho ya kujikimu. Lakini anapofika dirishani, msafiri hutoa namba yake binafsi ya uanachama, na maili huandikwa kwa jina lake. Akiwa na kadi yenye nembo ya shirika hilohilo, huandikiwa mara mbili. Mwisho wa mwaka ana tiketi ya kumpeleka mkewe na watoto Zanzibar au Dubai. Nani amelipia tiketi hiyo? Mkulima wa pamba wa Meatu amelipia. Mchimbaji mdogo aliyepeleka dhahabu yake katika soko la madini la Geita na kukatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 amelipia. Huyo hapewi pointi kwa kila gramu.

Ikiwa ndege yenyewe ni ya taifa, mzunguko unakuwa wa ajabu zaidi. Air Tanzania ilizaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la Afrika Mashariki, ikauzwa asilimia 49 kwa South African Airways mwaka 2002, ndoa ikavunjika mwaka 2006, na mwaka 2016 Serikali ikaanza kuifufua kwa kununua ndege mpya kwa fedha za walipa kodi. Sipingi uamuzi wa nchi kuwa na shirika lake. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, na shilingi bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Mwananchi amenunua ndege, amenunua tiketi ya mtumishi, na anaziba hasara ya mwaka. Ni haki gani basi inayosema kwamba punguzo litokanalo na safari hiyo liende mfukoni mwa aliyekaa kitini?

Mimi ni mwenyeji wa kata ya Kambarage hapa Shinyanga. Tunalitaja jina hilo kila siku, kwenye kata na kwenye uwanja wa mpira, mpaka tumesahau lilikuwa la mtu mwenye msimamo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimwekea kiongozi miiko: asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma inayozungumzia zawadi, maslahi na matamko ya mali. Sidai turudi 1967. Ninachosema ni kwamba msingi uliokuwa chini ya miiko ile haujazeeka: cheo cha umma kisimzalishie mwenye nacho faida ya pembeni. Waandishi wa sheria ya 1995 hawakuifikiria pointi ya ndege, kwa kuwa haikuwa imefika kwetu. Sasa imefika, nayo imekaa katika pengo ambalo hakuna aliyelitazama.

Wenzetu wamelitazama. Ujerumani, majira ya kiangazi ya mwaka 2002, gazeti la Bild lilifichua kwamba baadhi ya wanasiasa walikuwa wametumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za kikazi, ingawa utaratibu wa Bunge uliwataka wazirudishe katika safari za kikazi. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, alijiuzulu. Cem Özdemir, mbunge wa chama cha Kijani, aliachia nafasi yake, ingawa kwake kulikuwa pia na suala la mkopo kutoka kwa mtu wa mahusiano ya umma. Watu hawakuiba magunia ya fedha. Walitumia maili. Nchi yenye aibu iliona kwamba hilo linatosha.

Nitakuwa mwongo nikificha mfano wa upande wa pili. Marekani, ambako hapo awali maili za safari za kikazi zilikuwa mali ya Serikali, ilibadili sheria Desemba 2001 na kuwaruhusu watumishi wa Serikali kuu wazichukue. Sababu zilizotolewa ni za kiutendaji: kuzifuatilia kulikuwa na gharama na usumbufu, na motisha kwa mtumishi ina thamani yake. Hoja hiyo ina uzito, nami naiheshimu. Lakini wao waliiamua Bungeni, kwa kura na mchana kweupe. Sisi tumefika palepale kwa kunyamaza. Tukitaka kuwapa watumishi wetu zawadi hiyo, tuiandike katika kanuni na tuiite kwa jina lake, ili muuguzi wa Bukombe asiyesafiri kamwe aone jinsi mwenzake anayesafiri anavyolipwa mara ya pili.

Nazijua hoja nyingine nitakazopigwa nazo. Ya kwanza: "Mtumishi anachoka safarini, ana haki ya kifuta jasho." Kifuta jasho kipo, kinaitwa posho ya kujikimu, na kina waraka wake. Ya pili: "Ni vitu vidogo." Kimoja ni kidogo. Kodi ya mkulima pia ni ndogo, na hatujawahi kumsamehe kwa sababu hiyo. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: "Pointi zisipochukuliwa na msafiri zitapotea bure, Serikali haiwezi kuzikusanya." Si kweli. Mashirika ya ndege yana mipango ya wateja wa taasisi, ambamo pointi au punguzo huingia katika akaunti ya mwajiri. Kampuni binafsi zinaijua njia hiyo. Serikali, ambayo ni mnunuzi wa tiketi mkubwa kuliko kampuni yoyote nchini, ina nguvu ya kudai zaidi ya pointi: inaweza kudai punguzo la bei papo hapo.

Tena kuna madhara ambayo si ya hesabu pekee. Mtu anayekusanya maili huacha kuuliza kama safari ni ya lazima. Kikao ambacho kingeweza kufanyika kwa video kinahitaji "uwepo wa ana kwa ana". Njia ya moja kwa moja inaachwa, inachukuliwa ile inayozunguka Dubai, kwa kuwa huko ndiko maili ziliko. Mwezi Novemba 2015 Rais Magufuli alizuia safari za nje zisizo na kibali, na tulishangilia. Kibali, hata hivyo, kinadhibiti safari, hakigusi hamu ya kusafiri. Hamu huondoka pale safari inapoacha kumnufaisha msafiri kwa namna isiyotangazwa.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje. Kwanza, Ofisi ya Rais inayosimamia Utumishi itoe waraka kwamba manufaa yote yanayotokana na tiketi iliyolipwa na umma ni mali ya taasisi iliyoilipia. Pili, taasisi zinunue tiketi kwa akaunti zao, na pointi zikitokea zitumike kwa safari za kikazi au, bora zaidi, kwa mgonjwa wa rufaa anayepaswa kutoka Geita au Simiyu kwenda Muhimbili na hawezi kustahimili saa nyingi za basi. Tatu, Mkaguzi Mkuu aliingize jambo hili katika ukaguzi wa matumizi ya safari. Nne, Benki Kuu, ambayo tangu 2019 ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, iagize kila kipeperushi cha kadi ya mkopo kiandike katika ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, mambo matatu: riba kwa mwaka, ada zote, na thamani ya pointi moja kwa shilingi siku ya kuchapishwa.

Kwenu wanafunzi wangu, ambao bado mnaishi kwa "bumu" na mtaanza kazi mkiwa na deni la Bodi ya Mikopo: msiongeze deni la pili kwa ajili ya picha ya ndege. Mkiletewa fomu, ulizeni yale maswali mawili niliyomwuliza yule kijana, na msisaini mpaka mjibiwe kwa tarakimu. Kwenu wanaharakati: mlipigania tozo ya miamala mkashinda sehemu, makato ya kila siku ya kutuma na kutoa fedha bado yapo, na wenye simu ni wengi kuliko wenye kadi. Na kwenu ndugu zangu watumishi, hamhitaji kusubiri waraka. Mkienda safari ya kikazi, waandikieni maafisa masuhuli wenu barua fupi mkiuliza pointi za tiketi hiyo ziandikwe kwa jina la nani. Barua ikijibiwa, tutajua msimamo wa Serikali. Isipojibiwa, tunzeni nakala, kwa maana ipo siku mkaguzi ataiomba.